Mpumbavu ni Yule Asiyeambilika



Hapa Lukenya, chini ya kile kilima cha mawe kinachoonekana na kila anayesafiri kwa barabara ya Mombasa, kuna neno moja ambalo nimekuwa nikiomba lisitamkwe tena kati ya mume na mke. Neno lenyewe ni "mpumbavu". Nimelisikia likitamkwa mbele ya watoto, mbele ya wageni, na hata nje ya kanisa baada ya Misa watu wakiwa bado wanasalimiana. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba mara nyingine hutamkwa huku Biblia imefunguliwa mkononi. Nalijua jambo hili vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya.

Ilikuwa mwaka 2016. Wakati huo kila mtu pande zetu alikuwa akizungumza juu ya ploti. Mashamba makubwa ya ng'ombe yalikuwa yakikatwa vipande, vigingi vinapigwa, vibao vya kutangaza bei vinasimamishwa kando ya barabara. Mtu mmoja aliniletea habari ya ploti ya bei nafuu, akaniambia nitoe malipo ya kwanza kabla ya Jumamosi, la sivyo itachukuliwa na mwingine. Nikaamua kuuza ng'ombe wetu wawili. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, ni nani amekwenda ofisi ya ardhi kuangalia namba hiyo imeandikwa jina la nani?"

Mimi, katekista niliyezoea kuulizwa maswali magumu juu ya Utatu Mtakatifu na kuyajibu kwa upole, nilikasirishwa na swali hilo dogo. Nikachukua Biblia, nikafungua Kitabu cha Methali sura ya 14, nikamsomea mstari wa kwanza, ule unaosema habari za mwanamke mwenye hekima anayejenga nyumba yake na yule mpumbavu anayeibomoa. Nusu ya pili niliisoma kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Mke wangu akanyamaza. Kesho yake nikapeleka ng'ombe sokoni.

Nitarudi kwa hao ng'ombe. Kwanza tukiangalie kitabu nilichokitumia kama rungu, kwa maana baadaye nililazimika kukisoma upya tangu mwanzo, nikagundua kwamba nilikuwa sikijui.

Misemo ya watu wengi

Kitabu cha Methali, ambacho wengine mnakijua kwa jina la Mithali, kina sura 31. Mwanzoni kinatajwa kuwa cha Mfalme Solomoni, lakini ukikisoma kwa makini utaona kwamba ni mkusanyiko wa mafungu mbalimbali. Sura ya 25 inasema wazi kwamba misemo inayofuata ilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, aliyetawala mnamo mwaka 700 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 200 baada ya Solomoni. Sura ya 30 ina maneno ya mtu aitwaye Aguri. Sura ya 31 inaanza na mafundisho ambayo Mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Tena kuna fungu katika sura ya 22 na ya 23 linalofanana sana na mafundisho ya mzee mmoja wa Misri aitwaye Amenemope, ambayo ni ya zamani kuliko Hezekia. Waisraeli hawakuona haya kuchukua neno jema kutoka kwa jirani. Ni kama wazee wetu wa Kikamba na nthimo zao: hakuna aliyeuliza msemo huu ulitungwa na nani, waliuliza tu kama unamfaa kijana.

Sisi Wakatoliki tunayo pia hekima ya Yoshua bin Sira, ambayo majirani zetu wa A.I.C. hawaioni katika Biblia zao. Huyo alikuwa mwalimu wa Yerusalemu mnamo mwaka 180 kabla ya Kristo. Aliandika kwa Kiebrania, kisha mjukuu wake aliyehamia Misri akakitafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki. Anazungumza sana juu ya ulimi, na juu ya uchovu wa kukaa na mtu mpumbavu, uchovu ambao kwake unashinda kubeba mchanga au chuma. Sitakaa sana kwake leo, ila nawaonya waume: katika sura ya 25 yapo maneno makali juu ya wanawake, na yeyote atakayeyachomoa peke yake ili kumchoma mkewe atakuwa amerudia kosa langu.

Hekima iko pia mikononi

Wengi wetu tunadhani hekima ni elimu. Aliyefika kidato cha nne anamwona aliyeishia darasa la saba kuwa hana la kumwambia. Waebrania hawakuwaza hivyo. Neno lao la hekima, hokma, walilitumia pia kwa ustadi wa mikono. Katika Kitabu cha Kutoka sura ya 35, wanawake waliosokota manyoya ya mbuzi kwa ajili ya Hema la Mungu wanasifiwa kwa neno hilo hilo. Kwa Mwebrania, yule mama wa kwetu anayesuka kiondo bila kupima kwa rula, na yule fundi wa Wamunyu anayeutazama mti na kuiona sanamu iliyomo ndani, wote hao wana hokma. Ni kujua namna jambo linavyokwenda na kulifuata hivyo. Kuishi na mtu mmoja katika nyumba moja miaka 30 kunahitaji ustadi wa namna hiyo, na haupatikani kwa cheti.

Kwa upande wa upumbavu walikuwa na majina kadhaa, na hapa ndipo palipo na faida kubwa kwa wana ndoa. Yupo peti, yaani yule ambaye bado hajajua, kijana asiyekomaa, ambaye huamini kila anachoambiwa. Huyo hawamkatii tamaa, bali kitabu kizima kimeandikwa kwa ajili yake. Yupo kesil, mzito wa kuelewa kwa sababu ameridhika na nafsi yake. Huyo ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi. Yupo ewil, mkaidi ambaye ukimrekebisha anakuona adui. Yupo letsi, mwenye dharau, anayecheka kila kitu. Na yupo nabal, ambaye moyo wake umefungwa hata Mungu hana nafasi humo.

Tazameni basi: ukimtoa huyo wa kwanza, hakuna hata mmoja hapo ambaye shida yake ni kukosa akili. Wanaweza kuwa watu wenye mali, wasemaji hodari, hata wasomi. Shida yao ni moja, kwamba hawaambiliki. Sura ya 12 inamtofautisha mpumbavu na mwenye hekima kwa jambo hilo: mpumbavu huona njia yake imenyooka, na mwenye hekima hutega sikio kwa shauri. Ndiyo maana siku ile ya ng'ombe, nyumbani kwangu mpumbavu alikuwepo, lakini hakuwa yule aliyekuwa ameketi kimya.

Nabali na Abigaili

Kama mnataka kuona mambo haya yakitembea kwa miguu, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli sura ya 25. Huko mna mume na mke. Mume anaitwa Nabali, na jina lake ndilo lile lile neno nabal. Aliishi Maoni na mifugo yake ilikuwa Karmeli, kusini mwa Hebroni, ukingoni mwa nyika ya Yuda. Ni nchi ya mawe na malisho, mtu wa Lukenya angeizoea mara moja. Alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Kwa hiyo alikuwa tajiri.

Daudi, ambaye wakati huo alikuwa akimkimbia Mfalme Sauli, alikuwa amekaa nyikani na watu wake karibu na wachungaji wa Nabali bila kuwadhuru, wakawa kama ukuta wa kuwalinda. Siku ya kukata manyoya, siku ya karamu, akatuma vijana 10 kuomba chakula kwa heshima. Nabali akawatukana. Daudi akashika upanga, akatoka na watu 400, akiwa ameapa kutomwacha mwanamume hata mmoja katika nyumba hiyo.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mtumishi mmoja alipoiona hatari, hakwenda kwa Nabali. Alikwenda kwa Abigaili, mkewe, na sababu aliyoitoa ni kwamba bwana wao ni mtu ambaye hakuna awezaye kuzungumza naye. Jamani! Nyumba nzima inakaribia kuangamia, na mwenye nyumba haambiwi, kwa sababu watumishi wake wamekwisha jifunza kwamba kumwambia ni kazi bure. Wanaume wenzangu, tujiulize ni mambo mangapi ya nyumba zetu yanajulikana na watoto, na mama, na hata kijana wa kuchunga, na sisi ndio wa mwisho kuyajua. Huenda tunadhani tunaheshimiwa, kumbe tumepitwa tu kando kama jiwe barabarani. Na akina mama pia, msicheke. Nimewaona waume wanaoficha deni la dukani mwaka mzima kwa kuogopa ulimi wa nyumbani.

Abigaili akafanya haraka. Mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu, mikate 200 ya tini, vyote juu ya punda, akashuka kukutana na Daudi, akaanguka kifudifudi. Mumewe hakumwambia. Tena alimwambia Daudi wazi kwamba mumewe ni kama jina lake lilivyo.

Hapo wengi huniuliza katika semina: je, katekista, ni halali mke kumsema mumewe hivyo kwa mtu wa nje? Nami hujibu hivi. Abigaili hakuyasema kisimani wala katika chama cha akina mama. Aliyasema mbele ya upanga, ili kuokoa uhai wa watu, pamoja na uhai wa huyo huyo Nabali. Mahali penye hatari ya damu, penye kipigo, penye panga lililoinuliwa usiku, mke asijifunge mdomo kwa kudhani kwamba unyamavu huo ni utakatifu. Aende kwa wazee, kwa padre, kwa chifu, kwa polisi. Lakini chumvi iliyozidi katika mboga si upanga wa Daudi, na haina haja ya kufika kwa jirani.

Kuna jambo lingine ambalo ndilo ninalolipenda zaidi katika hadithi hii. Abigaili aliporudi alimkuta Nabali katika karamu, amelewa sana. Hakumwambia neno, kubwa wala dogo, mpaka kulipopambazuka na divai ilipokuwa imemtoka. Ni wake wangapi wameumizwa kwa sababu ya kuanza mashauri saa sita za usiku na mtu ambaye masikio yake bado yako kilabuni! Kesho yake akamweleza yote. Moyo wake Nabali ukafa ndani yake, akawa kama jiwe, na baada ya siku 10 hivi akafa. Abigaili hakumwua. Alimwambia ukweli tu, lakini Nabali alikuwa hajazoea kuambiwa.

Kujibu au kunyamaza

Katika sura ya 26 ya Methali kuna misemo miwili iliyokaa jirani, mstari wa 4 na wa 5. Wa kwanza unakataza kumjibu mpumbavu kwa namna ya upumbavu wake, usije ukafanana naye. Wa pili unaamuru kumjibu, asije akajiona ana hekima. Walimu wa kale wa Kiyahudi walibishana sana juu ya jambo hilo, hata palikuwa na waliotia shaka kitabu chenyewe kwa sababu ya kupingana huko. Jibu mojawapo lililotolewa lilikuwa kwamba mmoja unahusu mambo ya dini na mwingine mambo ya kawaida ya dunia.

Mimi nadhani mtu aliyeiweka pamoja alikuwa ameoa. Zipo siku ambazo ukijibu unawasha moto, na zipo siku ambazo ukinyamaza unamwacha mwenzako aanguke shimoni. Hakuna msemo unaoweza kukuambia leo ni siku ipi. Lazima umtazame mtu uliye naye. Ameshiba au ana njaa? Ametoka kazini kiwandani alikokaripiwa mchana kutwa? Watoto wapo? Hayo hayajaandikwa popote, na ndiyo hokma yenyewe.

Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 9, kuna onyo lililonichoma mimi binafsi. Linaufananisha msemo wa hekima uliomo kinywani mwa mpumbavu na mwiba ulioingia mkononi mwa mlevi. Mwiba wa mgunga tunaujua sisi. Mlevi akiushika anajiumiza mwenyewe, na akiurusha mkono anamjeruhi aliye karibu. Neno jema likishikwa na mtu mwenye hasira huwa hivyo hivyo.

Tukumbuke pia kwamba misemo hii ilisemwa zaidi na baba kwa mwana, na ndiyo maana mke mgomvi anatajwa mara nyingi: afadhali kukaa pembeni juu ya dari kuliko naye nyumbani, naye ni kama nyumba inayovuja siku ya mvua. (Dari zao zilikuwa tambarare na mtu aliweza kulala juu. Jaribu kulala juu ya mabati ya Lukenya! Na huku kwetu tone la mvua tunaliwekea pipa.) Lakini mume mgomvi hakusahauliwa. Yumo katika mstari wa 21 wa sura hiyo ya 26, akifananishwa na makaa yanayoongezwa juu ya makaa yenye moto. Sijawahi kumsikia mwanamume akiusoma mstari huo katika jumuiya.

Ng'ombe hawakurudi

Malipo ya kwanza nilitoa. Baada ya miezi miwili simu ya yule mtu haikupatikana tena. Ndipo nilipokwenda Machakos, ofisi ya ardhi, kufanya lile lililoulizwa na mke wangu, nikakuta namba ile ina jina la mtu mwingine kabisa, tangu miaka mingi. Mwezi wa Januari 2017 kijana wetu alitakiwa kuingia kidato cha kwanza, na karo ilikuwa ndiyo wale ng'ombe. Mke wangu aliitoa katika akiba ya chama chake, na iliyobaki akaongeza kwa kuuza kuku. Hakusema "nilikuambia". Nilingoja aseme, maana kama angesema ningepata nafasi ya kukasirika.

Juma moja lilipita. Asubuhi moja, watoto wakiwa wameondoka, akaniwekea uji, akaketi.

"Baba watoto, leo unaweza kusikia?"

Nikasema naweza.

"Ng'ombe Mungu ataleta wengine. Lakini ile Biblia uliyonisomea, tangu siku ile ukiifungua mimi naogopa. Jumapili ukisoma mbele ya watu, naogopa."

Nilikuwa katekista kwa miaka tisa wakati huo. Sijui kama nimewahi kusikia hukumu nzito kuliko hiyo. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 5, ametuonya vikali juu ya kumwita ndugu mpumbavu, na mimi nilikuwa nimemwita hivyo mwenzi wangu wa Sakramenti kwa kutumia Neno lake. Nilikwenda kuungama Jumamosi hiyo. Padre alinipa malipizi mafupi, kisha akaniambia nimwombe mke wangu msamaha mahali pale pale nilipomsomea. Nikafanya hivyo, jikoni, kwa maneno mabaya yasiyopangika, tofauti kabisa na ninavyohubiri.

Yako mambo ya kufanya ambayo tumeyajifunza, nami nawapa kwa ufupi. Jambo lolote la ardhi, mkopo au mifugo halimalizwi siku lilipoanza kuzungumzwa. Linalala usiku mmoja. Na mali ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake. Hata sheria ya Kenya juu ya mali ya ndoa, ya mwaka 2013, inataka ridhaa ya wote wawili. Mwenye kuuliza swali hajibiwi kwa mstari wa Biblia. Anajibiwa swali lake.

Na kitabu cha Methali tulikisoma upya pamoja, kwa namna ambayo yeyote kati yenu anaweza kuifuata. Sura ni 31, na mwezi mrefu una siku 31. Kila usiku baada ya chakula sura moja, yeye leo, mimi kesho, na kanuni yetu ilikuwa moja: kila mtu aseme mstari unaomhusu yeye mwenyewe, asiguse wa mwenzake. Usiku wa kwanza tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri matatu. Kufika sura ya 10 tulikuwa tukicheka.

Sura ya 31 iliangukia zamu yake. Ninyi wanaume mnaipenda sura hiyo, kwa sababu ya yule mke hodari anayeamka kabla hakujapambazuka. Shairi lake lina mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi yake katika mpangilio wa alfabeti ya Kiebrania. Mke wangu akasoma polepole mpaka mstari wa 16, ule unaosema kwamba mwanamke huyo aliliangalia shamba kwanza, ndipo akalinunua. Akanyamaza hapo, kidole chake kikiwa juu ya mstari, akanitazama. Kulingana na kanuni yetu, hakuruhusiwa kusema kwamba mstari huo ni wangu.

"Soma tena," nikamwambia, "huo nimeuchukua mimi."